Nyoka Anayejivua Gamba Aachwe

Sisi watu wa lugha tuna ada moja mbaya. Tukisha kulipata neno zuri hatutaki tena kujua habari za kitu chenyewe. Neno kujivua gamba limetupendeza mno. Twalifundisha kuwa istiari ya toba, twalitia katika mitihani, twawasahihisha wanafunzi waliokosea kulieleza, wala hatuulizi nyoka yumo katika hali gani siku zile anapolitenda tendo lake. Mimi ni mmoja wa wenye kosa hili, tena si mdogo wao. Katika kurasa hizi nakusudia kugombana na watu wa namna mbili: wale wanaofuga nyoka na kuwashikashika wakati wanapokaribia kujivua, na wale, kama mimi, wanaowatolea watu hao udhuru wa elimu.

Mwezi wa Septemba, miaka miwili iliyopita, nilikuwa likizoni kwetu Newala. Nilishuka Masasi kumtembelea mwalimu mmoja kijana ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu. Jina lake sitalitaja, wala la shule tuliyokwenda pamoja. Chumbani mwake alikuwa na sanduku la mbao lililofungwa wavu wa kuku upande wa mbele, na ndani yake mlikuwa na chatu mdogo, urefu wake kiasi cha mita moja na nusu. Alimlea tangu alipokuwa mdogo kama mshipi wa suruali, akimlisha panya. Alimpa jina la Profesa, nami nilicheka, ingawa mimi mwenyewe cheo hicho sijakifikia.

Profesa alikuwa amejikunja pembeni. Rangi yake ilikuwa imefifia kama kitambaa kilichoachwa juani, na macho yake yalikuwa meupe yenye usamawati, mfano wa maziwa yaliyotiwa maji. Nilimwuliza mwenyeji wangu kama nyoka wake mgonjwa.

"La, Mwalimu," akasema. "Umekuja wakati wake hasa. Anataka kujivua gamba. Kesho tumpeleke Newala kwenye mazungumzo yako, wanafunzi waione istiari kwa macho yao."

"Haumi?"

"Haoni, Mwalimu. Asiyeona atalenga vipi?"

Jibu hilo lilinipendeza, kama jibu lolote fupi limpendezavyo mtu asiyejua mambo. Nilikubali. Basi lawama zote zitakazofuata, fungu langu limo ndani yake, na msomaji asidhani kuwa nalikwepa.

Tulipanda uwanda wa juu na sanduku nyuma ya gari, juani na vumbini. Ukumbini mlikuwa na wanafunzi zaidi ya mia. Nilisema maneno yangu juu ya istiari, nikampisha mwenzangu, naye akamtoa chatu na kumpa mwanafunzi wa kwanza wa safu ya mbele. Akapita mkono hata mkono. Katika safu ya tatu shingo yake ilikwisha kujikunja, jambo ambalo sasa najua maana yake na siku ile sikuijua. Mvulana mmoja akaona kipande cha gamba kimeinuka kidogo chini ya kidevu, akakivuta kwa kucha ili atusaidie sote kuona. Hakuumwa yeye. Aliumwa binti aliyekaa karibu naye, ambaye hakuwa ameomba kumshika nyoka wala kumkaribia. Chatu hana sumu, na hili lilisemwa mara nyingi ukumbini mle kama kwamba ndiyo dawa. Lakini meno ya chatu yamepinda kuelekea kooni, na mtu anayeuvuta mkono wake kwa hofu huuchana mwenyewe. Sanduku lilipinduka, viti vikaanguka, nyoka akakanyagwa mkia kabla ya kurudishwa ndani.

Jioni baba wa binti yule alikuja. Hakutukana mtu. Aliuliza tu, "Mwalimu, mlikuwa mnawafundisha nini?" Nikamjibu kwamba tulikuwa tunafundisha Kiswahili. Akanitazama kwa muda, akamchukua mwanawe, wakaenda zao.

Tangu siku ile nimesoma na kuuliza, na katika niliyoyapata hakuna lililokuwa siri. Nyoka hana kope. Jicho lake hufunikwa na kigamba kimoja kinachopitisha nuru, mfano wa kioo cha saa, nacho ni sehemu ya ngozi kama magamba mengine ya mwili. Wakati wa kujivua unapokaribia, tabaka jipya la ngozi humea chini ya lile la zamani, na kati ya matabaka hayo mawili maji maji hujikusanya ili yaachane. Maji hayo hujikusanya hata chini ya kigamba cha jicho. Ndiyo sababu jicho huwa kama maziwa. Hali hii huchukua siku kadhaa. Kisha macho hutakata tena, na mtu asiyejua hudhani kwamba mambo yamekwisha, kumbe gamba bado halijatoka. Litatoka siku chache baadaye, nyoka atakapousugua mdomo wake juu ya jiwe au mti hata gamba lipasuke, naye atambae atoke ndani yake, gamba likibaki nyuma limepinduka nje ndani kama soksi. Katika siku zote hizo aghalabu nyoka hali. Hutafuta mahali penye giza na unyevu, akakaa kimya. Haoni vizuri, na ngozi mpya iliyo chini ni laini bado na yaweza kuumizwa na kidole cha mtoto.

Sasa na turudi kwa neno la mwenyeji wangu, kwamba asiyeona hawezi kulenga. Neno hili nimelisikia tangu wakati ule kwa watu wengine wanaofuga nyoka, na kila mmoja hulisema kama amelivumbua yeye. Ni la uongo mara mbili. Kwanza, chatu hategemei macho tu. Katika midomo yake mna vishimo vidogo vinavyotambua joto, na kwa vishimo hivyo humpata panya gizani. Mkono wa mtu una joto kuliko hewa iliyouzunguka; kwa chatu mwenye ukungu machoni mkono huo haujafichika hata kidogo, ila haujulikani tena kama ni wa rafiki au wa adui. Pili, kiumbe asiyeona vizuri huogopa zaidi, na kiumbe aogopaye huwahi kuuma. Mtu yeyote aliyemgusa bega kipofu bila ya kusema naye ameyaona haya, wala hakuhitaji kusoma elimu ya wanyama. Ikiwa ni hivyo kwa chatu asiye na sumu, seuze kifutu, ambaye vijana fulani siku hizi hujipiga naye picha?

Wapo wanaosema, "Sisi hatumchezei, twamsaidia." Hawa ndio wagumu kubishana nao, kwa maana nia yao ni njema na vidole vyao ni vibaya. Hudhani kwamba gamba ni kanzu, na mtu akishindwa kuivua kanzu yake mwenzake huishika pindo akamvua. Walakini kanzu haikumea juu ya mwili. Gamba lililovutwa kabla ya wakati wake hung'oka pamoja na kitu kisichokuwa tayari kung'oka. Profesa alijivua siku ya tano baada ya kurudi Masasi, na gamba lake lilitoka vipande kumi na kimoja. Mahali palipovutwa na mvulana yule, chini ya kidevu, palibaki kidonda. Kigamba cha jicho la kulia hakikutoka. Nchani mwa mkia gamba lilikauka likawa kama uzi uliofungwa, damu ikazuiwa, na nchi hiyo ikawa nyeusi. Hakula tena. Alikufa mwezi wa Novemba, kabla ya mvua.

Mwenzangu alisema mauti hayo hayakutokana na safari yetu, kwa sababu nyoka wengi wa kufugwa hufa. Maneno yake ya pili ni kweli, nami nayaona kuwa ushahidi dhidi yake.

Nchi yetu yenyewe yapasa izingatiwe. Masasi iko chini, penye majabali yake makubwa. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, ukilitazama bonde la Ruvuma. Uwanda huo ni wa mchanga, mvua hunyesha na kuzama, mito juu yake hakuna, na wazee wetu walizoea kuteremka mbali sana kwa ajili ya mtungi mmoja wa maji. Toka Mei hata Novemba hewa hukauka. Nyoka wa porini katika miezi hiyo anajua shimo lipi lina unyevu, gogo lipi limeoza, jani lipi limeshika umande. Nyoka wa sandukuni hajui ila sanduku. Akiwekwa katika mbao kavu, mwezi wa Septemba, bila ya bakuli la maji la kumtosha kuingia, gamba lake litamkaukia mwilini, hata asipoguswa na mtu. Akiguswa na watu mia, basi tena.

Kuna jibu jingine ambalo hunikera kuliko yote, nalo ni kwamba huruma kwa nyoka ni jambo la kigeni, tumeletewa na wazungu waliochoka kuwahurumia wanadamu. Ningependa wasemao hivyo waisome historia ya Newala. Mzungu aliyejulikana kwa nyoka katika nchi hii alikuwa Ionides, mhifadhi wa wanyama wa Liwale aliyehamia Newala baadaye, watu wakamwita Bwana Nyoka. Alikufa mwaka 1968. Huyo hakuwa mtu wa kuwalilia nyoka. Aliwakamata kwa maelfu, akawapeleka ng'ambo kwa makumbusho, kwa bustani za wanyama na kwa watengenezaji wa dawa ya sumu. Aliyemletea habari ya koboko wa kijani juu ya mwembe au mkorosho alipata ujira wake, na wapo wazee waliokula fedha hiyo. (Waingereza humwita nyoka huyo mamba, neno walilolipata kwa Wazulu, Mswahili akiambiwa kuna mamba juu ya mwembe hucheka kwanza, na hucheka kwa hatari yake mwenyewe.) Lakini itazame kazi ya Ionides alipomkabili moma, yule nyoka mnene wa msituni mwenye maua mgongoni, ambaye meno yake ya sumu yanafikia urefu wa sentimita 5. Alimgusa kwanza kichwani kwa koleo, taratibu, aone kama amekasirika. Akiona ametulia, huliweka koleo kando, akamshika shingo kwa mkono mmoja na kulibeba tumbo kwa mkono wa pili. Yaani aliuliza kabla ya kushika. Naye aliumwa na nyoka mara nyingi katika maisha yake, pamoja na ujuzi wake wote. Sisi tuliwapa chatu watoto wasiojua kuuliza, katika siku ambazo jibu lake lilikwisha kuandikwa machoni pake.

Na bibi yangu hakuwa mzungu. Wala hakuwa mpenzi wa nyoka. Jembe lake liliwaua wengi, na hakuomba radhi. Nilipokuwa mtoto tulimkuta nyoka amejilaza kando ya shimo tulilokingia maji ya mvua, macho yake meupe. Ndugu yangu akaokota fimbo. Bibi akasema, "Huyo ana ukungu, mpisheni njia." Tukazunguka. Sikumbuki kwamba alitueleza sababu. Nadhani kwake ilikuwa wazi: nyoka yule hakuwa anakwenda popote, hakuwa anawinda, na hatari yote iliyokuwapo pale ilikuwa ni ile tutakayoileta sisi kwa fimbo. Katika nchi ambayo watu huokota korosho chini ya miti wakiinamia majani makavu, elimu ya namna hii ina thamani kuliko mihadhara yangu. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa mwaka 2017, nalo hukadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kila mwaka kwa sababu hiyo. Wengi wao ni wakulima, na watoto wao.

Hapo hunyanyuka mtu akawataja Wasukuma. Je, hawakucheza na nyoka tangu zamani? Walicheza, na hata leo wapo wachezao. Lakini Wayeye walikuwa chama chenye mafunzo, chenye viapo na chenye dawa. Nyumba zao za kuwafunda wanachama zilikuwa na michoro ukutani, ambayo Hans Cory aliitolea kitabu mwaka 1953. Mtu hakuupata ufundi huo kwa kununua chatu na kumtia sandukuni. Kuwataja Wayeye ili kumtetea mwalimu wa Masasi ni sawa na kumtaja nahodha wa jahazi ili kumtetea mlevi aliyeiba ngalawa. Tena sheria haiko upande wake. Sheria ya kuhifadhi wanyamapori ya mwaka 2009 yataka kibali kwa mwenye kufuga mnyama wa porini, na kibali hicho mwenzangu hakuwa nacho, wala mimi sikumwuliza.

Nakuja katika lugha, kwa kuwa hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Mwaka 2011 Chama cha Mapinduzi kilililichukua neno kujivua gamba likawa wito wake. Magazeti yakajaa magamba, kila mwenye kutakiwa ajiuzulu akaitwa gamba. Kulikuwa na waliojibu kwamba nyoka akijivua gamba hubaki nyoka, na kila upande ulifurahia werevu wake. Sina ugomvi na siasa hiyo hapa. Nasema tu kwamba tangu wakati ule wanafunzi wangu huandika kama kwamba kujivua gamba ni tendo la ushujaa lifanywalo mchana mbele ya mkutano, nyoka akisimama na kulitupa vazi lake kuukuu chini. Nami niliwapa alama nzuri. Ukweli ni kwamba tendo lenyewe hufanywa mafichoni na kiumbe ambaye kwa siku kadhaa amekuwa nusu kipofu, mwenye njaa asiyetaka kula. Istiari yetu imeushika mwisho wa habari ikauacha mwanzo wake, nasi tukawafundisha watu kuutazama mwisho tu. Haishangazi basi kwamba mwanafunzi wetu, alipoona mwisho unachelewa, aliuvuta kwa kucha.

Ningependa neno la bibi yangu litumike. Tuziite siku hizo siku za ukungu. Mwenye kufuga nyoka, kwa kibali na kwa ujuzi, ahesabu siku za ukungu tangu macho yanapogeuka rangi hata gamba litoke lote, wala asihesabu kwamba zimekwisha macho yanapotakata. Katika siku hizo ampe nyoka bakuli la maji, kopo lenye tundu lililotiwa kitambaa kibichi ndani, na jiwe la kusugulia mdomo; asimpe chakula kwa nguvu, na mikono yake aiweke mfukoni. Gamba likisha kutoka alikague: vigamba viwili vya macho vimo? Nchi ya mkia imo? Kikikosekana kitu, aongeze unyevu na kungoja, au amtafute mganga wa wanyama, asitafute kibano. Hayo si mengi. Mwenye kuyaona kuwa mengi na afuge kuku.

Na waalimu wanaotaka kuwaondolea watoto hofu ya nyoka, hoja yao siidharau. Hofu isiyo na elimu huua nyoka wengi wasio na madhara, na ujasiri usio na elimu huua watu. Lakini ikiwa ni kuonyesha, mbona tunakiacha kitu kilicho bora kuliko vyote? Gamba lenyewe lililotoka zima haliumi wala halina maumivu. Laweza kupita mikononi mwa watoto mia na kurudi. Ni refu kuliko nyoka aliyelivua, kwa maana lilivutika wakati wa kutoka, na watoto hubishana sana juu ya jambo hilo ukiwaachia. Magamba yake mtu huweza kuyahesabu, na wajuzi kwa hesabu hiyo hutambua ni nyoka wa aina gani. Ukiliinua kwenye dirisha utaviona vigamba viwili vya macho, viangavu, kila kimoja mahali pake.

Shule ile ya Newala imenialika tena mwaka huu. Mwalimu mkuu aliandika kwa adabu, akaongeza mwishoni kwamba wazazi wameomba safari hii nije peke yangu. Nimemjibu kwamba nitakuja na bahasha. Ndani yake mna vipande kumi na kimoja, nilivyopewa na mwenzangu baada ya Novemba ile. Nimevipanga juu ya karatasi, na mahali pa jicho la kulia nimepaacha wazi. Nimeomba pia anwani ya baba yake binti yule, kwa sababu swali lake nililijibu vibaya.